Mkono Hufanya Ulichozoea

Hotuba hii ilitolewa mbele ya waendeshaji wapya wa pikipiki. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Mabibi na mabwana, wenzangu wa magurudumu mawili, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba mikono juu. Nani hapa alifundishwa pikipiki na rafiki, na kaka, na mjomba, au alijifundisha mwenyewe jioni moja uwanjani? Msione haya, nyoosheni tu. Asanteni, shusheni. Karibu ukumbi mzima.

Sikuja kuwalaumu. Huyo kaka alikufundisha alichokijua: hii ni klachi, hizi gia, hapa mafuta, pale breki, nenda. Na kweli ukaenda! Pikipiki ina hila hiyo. Ni rahisi kuiondoa na kuipeleka mbele. Nusu saa inatosha. Ndiyo maana mtu akishaweza kwenda anadhani ameweza kuendesha.

Miaka ya sabini huko Marekani, mtafiti aitwaye Harry Hurt na kundi lake walifanya kazi ambayo wachache wangeikubali. Simu ya ajali ya pikipiki ikipigwa jijini Los Angeles, wanatoka, wanafika pale pale barabarani, wanapima alama za matairi, wanatazama helmeti, wanahoji waliobaki. Ajali 900 walizichunguza hivyo, ripoti ikatoka mwaka 1981. Wakakuta asilimia 92 ya waendeshaji hao hawakuwahi kupata mafunzo rasmi. Walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki, kama ukumbi huu.

Wataalamu wa takwimu wanaweza kubishana juu ya asilimia 92. Mimi ninayoitaka ni namba nyingine katika ripoti ile ile: 2. Tangu hatari inapojitokeza hadi mgongano, mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde 2. Hebu tuhesabu pamoja, kwa sauti: mia moja na moja, mia moja na mbili. Basi! Ndani ya muda huo uone, utambue, uamue, mkono utende. Nani kati yenu anaweza kukumbuka somo ndani ya muda huo? Hakuna. Ndani ya sekunde 2 hukumbuki kitu. Mkono hufanya ulichozoea.

Na mikono ya wale watu ilizoea nini? Ripoti inasema wengi walikanyaga mno breki ya nyuma, tairi likajifunga likaserereka, huku breki ya mbele wakiitumia kidogo mno. Kukwepa hawakuweza kabisa. Kwa hiyo naanza na breki.

Wangapi mmeambiwa, "Usiguse breki ya mbele, itakurusha"? Nacheka, lakini hilo ndilo somo baya kuliko yote yanayofundishwa uani. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Shokapu za mbele zinabonyea, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, linashika. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, karibu linaelea. Sasa tairi lililokandamizwa na tairi linaloelea, lipi litakusimamisha? Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, kama asilimia 70 au zaidi, inatoka mbele.

Chukueni waendeshaji wawili. Wote wanakwenda kilomita 60 kwa saa, bega kwa bega, pikipiki sawa, matairi sawa. Mbele yao gari linachomoza kutoka njia ya pembeni. Wote wanachukua sekunde moja kustuka na kuanza kutenda, na katika sekunde hiyo moja kila mmoja ameshakula mita 17 hivi. Wa kwanza anatumia breki zote mbili kama alivyofunzwa. Baada ya mita 20 nyingine amesimama, mguu chini. Wa pili anakanyaga ya nyuma peke yake, kwa hiyo nguvu yake ya kusimama ni kama nusu. Pale mwenzake aliposimama, yeye bado anakwenda kilomita 42 kwa saa. Sikilizeni tena: mwenzake amesimama kabisa, na yeye anapita hapo hapo kwa kilomita 42 kwa saa. Ana mita 20 nyingine za kumaliza mwendo, na gari haliko mita 20 mbele. Liko hapo hapo.

Sasa yule aliyekuonya kwamba breki ya mbele inarusha hakuwa mwongo. Breki ya mbele hukuangusha ukiinyakua. Ukiipiga kwa nguvu zote mara moja, uzito haujawahi kufika mbele. Tairi bado halijakandamizwa, linajifunga na linakuponyoka. Dawa yake ni kuikamua kwa hatua mbili. Kwanza unavuta mpaka unahisi pedi zimegusa na pua ya pikipiki inaanza kuinama. Hiyo ni chini ya nusu sekunde. Pua ikishainama, unaongeza, unaongeza, unaongeza, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa. Mguu unakanyaga breki ya nyuma kwa upole na unazidi kulegea kadiri mbele inavyozidi kukaza. Klachi ndani, macho mbele na wala si kwenye tangi, usukani umenyooka. Na usifunge breki ya mbele kwa nguvu wakati usukani umekunjwa, hata kama unatambaa tu. Nusu ya pikipiki zinazoangukia kwenye maegesho zinaangushwa na kosa hilo. (Hiyo nusu ni ya makisio yangu, msiniandike.)

Na tairi la nyuma likijifunga? Kama pikipiki bado imenyooka na mkia haujakwenda pembeni, legeza uikanyage upya. Lakini mkia ukishatoka nje ya mstari, liache lijifunge hivyo hivyo mpaka usimame. Ukiliachia hapo, tairi linashika ghafla, pikipiki inajinyoosha kwa kishindo, na anayerushwa juu ni wewe. Wangapi mlijua hilo? Nani alikufundisha? Mnaona sasa. Hili halijifunzwi barabarani, kwa sababu barabarani unapata nafasi moja tu ya kulijaribu.

Kama pikipiki yako ina ABS, mshukuru aliyeibuni, lakini jua mipaka yake. Inazuia tairi kujifunga. Haimfundishi mwoga kukamua vya kutosha, wala haimtazamii barabara aliyelala.

Tuje kwenye usukani.

Wilbur Wright mnamjua kwa ndege. Kabla ya ndege, yeye na ndugu yake Orville walitengeneza na kuuza baiskeli. Wilbur alikuwa na tabia ya kuwauliza waendesha baiskeli: ukitaka kukata kushoto unafanyaje? Karibu wote walijibu kwamba wanageuza usukani kushoto. Akaandika kwamba hakuwahi kumpata hata mmoja aliyeeleza ukweli wote mara ya kwanza alipoulizwa. Akiwabana zaidi, wengine ndipo wanakubali kwamba kwanza wanausukuma kidogo kulia, baiskeli inalala kushoto, na hapo ndipo unafuata kushoto. Walikuwa wakifanya kila siku jambo ambalo walikuwa hawajui kwamba wanalifanya.

Ninyi je? Ukiwa na kilomita 50 kwa saa, na kona ya kulia inabana kuliko ulivyotegemea, mkono wako unafanya nini? Msinijibu. Nitawajibu mimi. Zaidi ya mwendo wa kilomita 20 au 25 kwa saa, pikipiki inakata kona kwa kulala, na inalala kwa kusukumwa usukani. Sukuma mkono wa kulia kwenda mbele, pikipiki inalala kulia, inakwenda kulia. Sukuma wa kushoto, inakwenda kushoto. Kulia kwenda kulia, kushoto kwenda kushoto. Kukwepa shimo ni kusukuma upande mmoja, kisha kusukuma upande wa pili kurudi kwenye njia. Mwili unabaki wima, pikipiki inacheza chini yako.

Mnaona ajali inavyozaliwa? Mwendeshaji anaingia konani akiwa na mwendo mkubwa kidogo. Anaogopa. Macho yanakwenda kwenye ukingo wa nje, kwenye ule mti au mtaro asioutaka, na pikipiki inafuata macho. Woga unamwambia aukunje usukani kuelekea ndani ya kona, naye anaukunja, pikipiki inanyooka badala ya kulala. Anaongeza breki kwa nguvu, inazidi kunyooka. Anatoka nje. Mara nyingi kona yenyewe ilipitika, na pikipiki ingeweza kulala zaidi. Aliyeshindwa ni mkono ambao haujawahi kufunzwa kusukuma, na shingo ambayo haijawahi kufunzwa kugeuka ikatazame mwisho wa kona. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukishakaa mwaka mzima unakata kona kwa kubahatisha, umekauka. Kukukunja upya ni kazi.

Kuna jambo la tatu, na hili halihusu mkono. Sehemu kubwa ya ajali zile za Hurt, kama robo tatu, zilihusisha gari. Na katika thuluthi mbili za hizo, mwenye gari ndiye aliyemnyima mwendeshaji haki yake ya kupita. Sentensi ya dereva baada ya ajali ni ile ile kila mahali duniani: "Sikumwona."

Tunamkasirikia. Ni sawa kukasirika, lakini mara nyingi anasema kweli. Pikipiki ni nyembamba, inafichika yote nyuma ya nguzo ya kioo cha gari. Zaidi ya hapo, kitu kinachokujia moja kwa moja hakionekani kama kinasogea. Kinaonekana kimesimama, kidogo, mbali, kisha ghafla kimejaa machoni. Kwa hiyo ukimwona anayesubiri kukatiza njia yako, usiende kama mshale. Sogea kidogo upande mmoja wa njia yako, kwa upole, ili jicho lake lishike mwendo wa pembeni. Punguza mafuta. Weka vidole kwenye breki ya mbele tayari, kwa sababu kidole kilichokwisha kufika kinakuokolea mita kadhaa. Na usimtazame usoni. Watu wengi wamegongwa na dereva aliyekuwa "ananitazama kabisa." Tazama gurudumu lake la mbele. Uso unaweza kukudanganya, lakini gurudumu likianza kuzunguka, gari limeanza kuja.

Mtaniuliza, yote haya ndiyo yanafundishwa kwenye kozi? Ndiyo, ila hayafundishwi kwa hotuba. Hotuba hii ninayowapa haitawasaidia kitu barabarani. Kesho mkipanda pikipiki, mikono yenu itafanya yale ya jana.

Kozi nzuri kwa anayeanza inachukua siku 2 au 3, sehemu darasani, sehemu kubwa uwanjani, mahali papana pasipo na magari. Mnaanza injini ikiwa imezimwa, mwenzako anakusukuma, unajifunza kusimama tu. Kisha klachi, na hapo watu hushangaa kwamba wanakaa saa nzima kwenye klachi. Gia ya kwanza, miguu chini, unaachia klachi mpaka pikipiki inapotaka kwenda, unairudisha, unaachia, unairudisha. Mara 20. Mara 30. Pale inapoanza kushika ndipo panapotawala mwendo wote wa polepole: foleni, kugeuza njia nzima, mlimani. Ukiongeza breki ya nyuma kidogo juu ya klachi iliyoshika nusu, pikipiki inatulia kama imefungwa kamba.

Hapo hapo mwalimu anakusahihisha jambo ambalo kaka hakuliona: kifundo cha mkono wa kulia. Wengi hushika eksileta kifundo kikiwa kimepanda juu. Pikipiki ikiruka kidogo, mwili unarudi nyuma, mikono inanyooka, kifundo kinashuka, na kwa kushuka huko kinafungua mafuta zaidi. Inaruka zaidi, unashika kwa nguvu zaidi, na inakupeleka ukutani huku wewe mwenyewe ndiye uliyeifungulia. Anayeanza hushika kifundo kikiwa chini kidogo au sawa na mkono, na hufunzwa mpaka iwe mazoea: ukishtuka, vuta klachi. Klachi ikiwa ndani, injini ipige kelele inavyotaka, haikupeleki popote.

Kisha koni: kupita katikati yake, kuzunguka ndani ya kisanduku, shingo imegeuka mpaka kidevu kinagusa bega. Kisha kona. Kisha kusimama kwa dharura kutoka kilomita 25 au 30 kwa saa, tena na tena, na mwalimu amesimama mbele anahesabu ulikosimamia. Kisha kukwepa. Mwendo ni mdogo, na baadhi yenu mtaudharau. Msiudharau. Fizikia ya kilomita 30 ndiyo ya kilomita 60, tofauti ni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki unaongezeka mara nne. Na ukiangusha pikipiki pale uwanjani, unacheka, unainyanyua kwa miguu na wala si kwa mgongo, unaendelea. Kuna mahali pengine pa kujifunza ambapo kuanguka ni kicheko?

Mkichagua kozi, ulizeni maswali makavu. Mwalimu mmoja anaangalia wanafunzi wangapi uwanjani? Wakizidi 6 hivi, hawezi kukuona kifundo. Kusimama kwa dharura na kukwepa kunafanywa, au kunachorwa ubaoni tu? Kuna pikipiki ndogo na nyepesi za mafunzo? Maana mtu hajifunzi akiogopa kukwaruza ya kwake. Akikujibu kwamba kozi yake ni saa mbili na unaondoka na cheti, mwambie asante, uende zako.

Na hapa sitawadanganya. Kozi si hirizi. Norwei iliwahi kuwalazimisha madereva wapya wa magari kusomea kuendesha kwenye utelezi. Walipopima matokeo, vijana wa kiume waliofunzwa walipata ajali nyingi zaidi za kwenye utelezi. Kwa nini? Walitoka wakijiona mabingwa, wakaenda mbio. Kwa hiyo kozi inayokutoa ukijiona bingwa imekuharibu. Iliyo nzuri inakutoa ukijua mita zako: kwa mwendo huu, mimi huyu, nahitaji mita hizi kusimama. Anayejua mita zake anapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Neno kuhusu helmeti, maana nimeona zilizoning'inizwa kwenye viwiko huko nje. Mwezi Mei mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari Mwingereza mwenye jina kubwa, alikuwa juu ya Brough Superior, pikipiki ya kasi ya wakati wake. Hakuwa mgeni wa pikipiki hata kidogo, alikwisha kumiliki kadhaa za aina hiyo. Akakutana na wavulana wawili wa baiskeli, akajaribu kuwakwepa, akaanguka. Kichwa kilikuwa wazi. Alikufa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo, akaanza kuchunguza majeraha ya vichwa ya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake kuhusu helmeti. Mengi ya tunayoyajua leo yalianzia pale. Uchambuzi wa tafiti nyingi za baadaye umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ila ni ile iliyofungwa. Fanyeni jaribio hili usiku wa leo: ivae, funga mkanda, kisha mwenzako asimame nyuma aishike kwa chini, pale shingoni, na aisukume ijivue kuelekea mbele. Ikitoka, si yako. Na ikishapigwa ajalini mara moja, itupe, hata kama nje haina mkwaruzo. Povu la ndani ndilo linalofanya kazi, linafanya kwa kujibonyeza, na likishabonyea halirudi.

Basi umesoma, umemaliza, una cheti. Wiki za mwanzo unafanyaje? Usibebe abiria. Abiria anabadilisha uzito, breki na kona, na wewe ndiyo kwanza unazoea pikipiki tupu. Usiku na mvua viingie polepole. Baada ya gari la mbele kupita alama fulani, hesabu sekunde 2 kabla nawe hujaipita, na mvua ikinyesha hesabu 4. Matairi mapya yana utelezi kwa kilomita 100 hadi 150 za kwanza, usiyalaze mno. Kila asubuhi, dakika 2 tu: upepo wa matairi kabla hayajapata moto, cheni icheze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu chake (pikipiki ndogo nyingi ni kama milimita 20 hadi 30), mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili, taa ya nyuma iwake kwa breki ya mkono na kwa ya mguu, moja moja. Na kila wiki tafuta sehemu tupu, simama kwa dharura mara 10. Mara 10, kila wiki. Mkono husahau upesi kuliko kichwa.

Na mkibadilisha pikipiki, hesabuni kama mnaanza upya. Hurt alikuta kwamba zaidi ya nusu ya walioanguka walikuwa na uzoefu usiozidi miezi 5 juu ya pikipiki ile waliyopata nayo ajali, ingawa kwa jumla walikuwa wameendesha karibu miaka 3.

Nimesema mengi na nyuso zimeanza kuchoka. Maswali nitayapokea nje. Kuna pikipiki pale mlangoni, injini imezimwa. Nataka kila mmoja wenu apite, akae, ashike breki ya mbele kwa vidole viwili, aikamue taratibu kwa hatua mbili kama nilivyoeleza. Mwenzako asimame pembeni aitazame shokapu, asukume pikipiki mbele kidogo, akuambie pua imeinama lini. Fomu za kozi ziko juu ya siti. Wa mstari wa nyuma, anzeni ninyi.